Kodi Inayopimwa kwa Chaki

Fundi cherehani wetu wa Majengo huongea pini zikiwa mdomoni, na sijawahi kumwona akidondosha hata moja. Mkono mmoja futi, mwingine chaki, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni kodi za nchi za watu, anazozisikia kwa abiria wa treni. Ukimwuliza Zambia wanakatwaje, hakutajii hesabu, anakuchora. "Mshahara wako ndio mkono huu mzima. Ukiwa kapera, wanakuachia toka begani mpaka hapa," anasema, chaki ikipita kwenye kiwiko. "Ukioa, wanakuachia mpaka hapa karibu na kiganja. Kila mtoto anakusogezea mstari kuelekea vidoleni. Lakini Burundi, wananiambia, mtoto hasogezi kitu!" Hapo anacheka kwa pua, maana mdomo uko kazini.

Jumamosi alikuja Leodgar, karani wa stesheni, kupimwa suti ya bugaluu, ya suruali pana miguuni, ya kwendea kutafuta kazi Zambia. Alifuatana na Marsela, ambaye tangu Pasaka alikuwa hajamjibu kama atakubali kuolewa naye. Fundi akamchora Leodgar mistari yote. Marsela akamnyang'anya fundi chaki, akachora mmoja wa mwisho kwenye ncha za vidole.

"Huu wa mwenye watoto sita," akasema.

"Sita wa nani?" Leodgar akauliza.

"Wetu, wewe!"

Pini zote zikamwagika. Fundi akapiga magoti kuziokota, akicheka mpaka machozi, kisha akaifuta Zambia yote kwa kiganja na kuvuta futi upya. "Simama vizuri, bwana harusi."