Mate ya Watoto wa Muheto

Miaka ile ya vita nilipata nafasi ya kufanya doktora Bukavu, nikachagua chanjo za kumeza. Nilitaka kujua kama chanjo ya kipindupindu, mtoto akishaimeza, inaamsha kinga kwenye ule utando laini unaofunika mdomo na matumbo, mahali ugonjwa unapoingilia. Profesa wangu alipenda kuziita chembe za kinga "askari". Nilipokuwa Masisi, kwenye vilima vya vita nilikofanyia utafiti, sikuthubutu kulitamka neno hilo. Nilisema "walinzi".

Kinga hiyo huonekana kwenye mate. Kwa hiyo, baada ya kuwachanja watoto wa kijiji kimoja cha huko Masisi, kilimani juu ya Muheto, nilirudi kuchukua mate yao. Nilikuwa na muuguzi wa kituo cha afya, mzaliwa wa vilima vile, naye alibeba sanduku la barafu.

Tulifika asubuhi, ukungu haujainuka. Hakuna jogoo aliyewika, hakuna mbwa aliyetubwekea. Milango ilikuwa wazi. Nje ya nyumba moja maharage yalikuwa yanachemka, mfuniko ukirukaruka juu ya chungu, na hapakuwa na mtu wa kuyaangalia.

"Dada, usiite muntu," muuguzi alininong'oneza. "Tuikale tu."

Tukaketi juu ya gogo. Mtu akakohoa kwenye migomba, na kikohozi kikakatika katikati, kama kimefunikwa na kiganja. Mwishowe mama mmoja akatoka ndani, mtoto mgongoni, akachutama na kukoroga maharage bila kutusalimu.

"Jambo, Mama," nilisema. "Batoto beko wapi?"

"Beko hapa." Hakuinua macho. "Banakuangalia."

Nikageukia migomba. Hakuna jani lililotikisika. Kisha nikaona jicho, chini kabisa, karibu na udongo. Halafu jingine.

Mama akagonga chungu kwa mwiko. Watoto wakatoka, nyayo zao hazisikiki, wakasimama mbele yangu na kufungua midomo yote kwa pamoja, shingo nyuma, kama siku ile ya chanjo. Sikuwa nimewaomba. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia, hata yule mdogo kabisa.

"Mbona habasemi?" niliuliza.

"Tulibafundisha. Benye bunduki bakipita, mutoto moja akilia, tunakufa bote. Sasa hata bakisha kwenda, habaongee tena."

Nikaweka pamba chini ya ulimi wa msichana wa kwanza, nikangoja, nikaitoa. Ilikuwa kavu. Wa pili, kavu. Wa tatu vilevile. Nilikuwa nimesoma kwamba hofu hukausha mdomo, lakini sikuwahi kufikiri ingeweza kukausha midomo ya kijiji kizima.

"Twende," muuguzi alisema. "Hapa si pazuri."

Nikavua glavu. "Mama, naweza kungoja?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza, kisha akanipa kisu na ndizi za kumenya.

Tukapika, tukala, watoto wakasukutua midomo. Ukungu ulipoinuka, mdogo kabisa alikuwa amelala mapajani mwangu, udenda wake umelowesha mkono wa shati langu. Nikajaribu tena. Pamba ya msichana wa kwanza ikatoka nzito. Akaigusa kwa kidole.

"Iko na maji," akasema, kwa sauti ndogo iliyokwaruza. Wenzake wakacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kicheko kile kilinitisha kuliko ukimya.

Si wote waliopata mate siku ile. Katika maabara, wengi wa waliopata walionekana kuwa na kinga. Siku ya kutetea kazi yangu, mwalimu mmoja aliuliza kwa nini kuna mapengo mengi hivyo. Nikamweleza kuhusu midomo iliyofunguka bila kuambiwa, ikiwa mikavu. Akasema niyaandike hayo pia, katika sura ya matokeo.

Niliyaandika. Tasnifu ilipochapwa, muuguzi alinitumia habari kwamba kijiji kimekimbia vita usiku, kimeteremka chote kwa njia ya kwenda Mushaki. Yeye mwenyewe hakuwaona wakipita, na majirani waliolala kando ya njia hawakusikia kitu.