Mpunga wa Kupanda

Baba alikuwa mgonjwa wa siasa. Redio ikitaja kujitegemea, aliacha hata chakula. Alituambia uhuru wa bendera ulipatikana yeye akiwa kijana; uliobaki ni wa tumbo, kwani nchi inayolishwa na wengine bado inatawaliwa nao. Nilimwamini kuliko nilivyowaamini walimu wangu.

Basi mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, mheshimiwa mmoja alipokuja kijijini kwetu kando ya mto, kusini mwa Garsen, kuzindua mradi wa mpunga, baba aliona dua zake zimejibiwa. Tungepewa mitambo ya maji na mbegu mpya kila msimu, mpaka siku moja sisi ndio tuwauzie wazungu. Tatizo lilikuwa chakula cha mgeni. Mavuno ya msimu yalikuwa yameshaliwa na maghala yalikuwa matupu. Baba akapanda darini, juu ya jiko, akashusha masuke ya mpunga wa mbegu ambayo mama aliyaning'iniza kwenye moshi yasiingiwe na wadudu.

"Baba watoto, huo ni wa kupanda," mama akasema.

"Mbegu italetwa na serikali. Hii ya nini tena?"

Mama akautwanga mwenyewe. Majirani nao wakashusha ya kwao, maana kwa mambo hayo baba ndiye aliyesikilizwa. Mheshimiwa alikula akashiba, akausifu wali wetu kwa harufu yake.

Mafuriko ya El Nino yalibomoa matuta ya mradi na kuuzoa mpunga uliokuwemo. Mitambo ikazama, mabwana wa mradi wakaingia kwenye magari yao wakaenda zao, hata kutuaga hawakutuaga. Mto ulikuwa na utu kuliko wao: maji yalipopungua yalituachia tope jeusi, zuri ajabu, nasi hatukuwa na cha kutia ndani yake.

Mheshimiwa alirudi Garsen na lori la msaada, magunia ya mchele kutoka ng'ambo. Baba alimfuata, nami nyuma yake.

"Mheshimiwa, tupe mpunga tupande. Hata debe moja."

"Mzee wangu, chakula hiki hapa, bure. Wahangaika na jembe la nini?"

Watu wakacheka. Mchele uliokobolewa hauoti. Labda mheshimiwa alijua, labda hakujali kujua, na hadi leo sijui lipi laniudhi zaidi. Baba akavua kofia yake, akaikinga. Wakamjazia mchele. Akasema ahsante.

Nilitaka aumwage palepale, mbele yao. Hakuumwaga, kwa sababu nyumbani hatukuwa tumekula, na jioni ile mimi nilikula nikaomba nyongeza.