Bora Iende

Mafundi wa mitumbwi wakianza kuchemsha mawese huku ng'ambo ya ziwa, mimi hufunga dirisha. Harufu ile ni ya baba, kule Rumonge. Alichovya pamba kwenye mawese ya moto, akaishindilia katikati ya mbao, kisha akapapasa kila mwanya kwa kidole. Fundi mwenye haraka, baba alimwita kwa dharau "Bwana Bora-Iende".

Asubuhi tuliyokimbia kwetu, watu walikuja mbio kutoka upande wa Minago, askari nyuma yao. Ufuoni ulibaki mtumbwi mmoja tu, haujazibwa. Baba alirarua kitenge cha mama, akasokomeza vipande kwenye nyufa, vikavu hivyo hivyo, bila kupapasa.

"Baba, maji itaingia," nilimwambia.

"Mutatoa na sufuria, mutoto wangu. Bora iende."

Tulijaa mpaka nafasi ya baba ikakosekana. Alitusukuma hadi maji yakamfika kifuani, akaachia.

Mtumbwi ulivuja njia nzima, lakini ulifika. Mama alichomoa vile vipande vya kitenge, akavianika, akavikunja kimoja kimoja, kama nguo za mtu anayekuja nyuma.