Upepo Tulioutoa Mtoni

Mume wangu ni mtu wa kusikia kila mtu isipokuwa mimi. Nasema hivyo bila kinyongo. Tumezeeka pamoja na bado hanisikii. Lakini siku ile tuliyotoka Mwandoya nilikuwa na haki ya kusikilizwa, na hata leo nikianza kuisimulia lazima nikae chini kwanza.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani uliuza kwa ushirika tu, upende usipende. Ungesubiri mpaka ukome, lakini mizani ungeikuta pale pale kesho. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, leo wako Kasoli, kesho hujui waliko. Wakishatosheka wanafunga mizani na kuondoka, na wewe na pamba yako mtajuana. Ndipo kila mwenye uwezo kidogo akatafuta gari. Sisi tulipata pikapu iliyokwisha kuchoka huko ilikotoka, matairi yake ya mitumba, mawili ya nyuma vipara kabisa.

Safari ile tulipakia pamba ya kwetu kwa mama, tukajaza mpaka kamba zikalia. Mama naye alitaka kufika Kasoli kumwona mdogo wake aliyekuwa mgonjwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Kwetu Usukumani, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakiwa na la kuambiana linapitia kwa mtu wa kati, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kukaa naye kwenye kebini, hata mimi nikiwa katikati, mama asingekubali. Basi wajomba zangu wakaleta ngazi ya kuezekea, wakamsukuma mpaka juu ya magunia, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu. Nilipolalamika akasema yeye ni gunia kama magunia mengine, nimwache.

Njiani kuna mto ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu. Ukiingia na matairi yaliyojaa, unazama. Kwa hiyo madereva wa kule hupunguza upepo kabla ya kuvuka, tairi likalala kidogo, likakanyaga mchanga kwa upana, mkapita. Mkifika ng'ambo mnasimama, pampu ya mkono inatolewa, na abiria wanapokezana kujaza mpaka matairi yasimame tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kupampu ilikuwa sehemu ya safari, na hata wazee waliigusa pampu kidogo ili wasionekane wa kubebwa tu.

Siku ile abiria tulikuwa mimi na mama. Tulipotoka mchangani mume wangu alitazama jua, akatazama vumbi la lori lililotutangulia na pamba ya watu, kisha akarudi kwenye usukani. Nikamwuliza habari ya pampu.

"Yakipata moto yatajaa yenyewe," akasema.

Maneno hayo madereva wengi wanayo mpaka leo, na kila nikiyasikia damu inanichemka. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linajikunja kila linapozunguka. Linajipika kwa ndani, nyuzi zake zinaachana, na wewe uliye juu unaona barabara nzuri tu. Wakati ule sikuyajua yote hayo. Nilijua tu kwamba gari lilikuwa likiyumba kiunoni kama ng'ombe aliyekunywa maji kupita kiasi, na nikamwambia. Akanijibu niimbe, safari ni ndefu. Sikuimba.

Mama ndiye aliyeisikia harufu kwanza. Alinisimulia baadaye: mpira unaungua, na harufu inapanda upande wake wa kushoto. Abiria mwingine yeyote angegonga paa la kebini na gari lingesimama. Mama aliunyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Chini ya bati lile kulikuwa na kichwa cha mkwe wake, na yeye hawezi kugonga kichwani pa mkwe. Akaamua kungoja tusimame kwa jambo lingine ili aniambie mimi. Hatukusimama.

Tairi lilipasuka tukiwa katikati ya mbuga, ile nchi nyeusi tambarare isiyo na mti wa kushika. Watu walikuwa wamechoma mabua mashambani na moshi ulikuwa umelala chini, hautaki kupanda. Nyuma ya gari ikavutwa kushoto. Hapa nimpe mume wangu haki yake: hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta, akaliacha gari lichoke lenyewe, ndipo akalitoa pembeni. Angefunga breki, mama angeruka pamoja na pamba. Nilishuka, nikaita, na mama akaitika.

Lakini pembeni pale sikupapenda. Udongo wa mbuga kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Nikasema tulisogeze gari polepole mpaka kwenye changarawe ngumu. Akasema rimu itaharibika. Nikasema basi tushushe magunia gari liwe jepesi, mengine tuyapange mama akanyage ashuke. Akalitazama jua tena, akasema tukishusha hatutawahi mizani. Kumteremsha mama bila kitu cha kukanyagia kulitaka mwanamume amshike kiunoni, na mwanamume alikuwa mmoja tu katika nchi yote ile. Mama mwenyewe akasema kutoka juu, akiniambia mimi, kwamba anakaa hapo hapo alipo. Hivyo ndivyo jeki ilivyoingia chini ya gari lenye mzigo wote, na mama yangu juu ya mzigo.

Tairi la akiba kwenye pikapu ile lilining'inia chini ya bodi, kwa nyuma. Lilipaswa kutolewa kabla gari halijainuliwa, lakini gari lilikuwa limekaa chini na bega halipiti. Akaanza kwa kuinua, apate kuingia chini kulifungua. Jeki aliitegesha kwenye udongo mtupu, bila hata kipande cha ubao chini yake. Mimi akanituma mawe ya kukingia magurudumu, na mwenyewe hakuyangoja.

Mbugani hakuna mawe. Anayetoka kule anajua. Nilitembea nikiokota madongoa, kila nikilibana linavunjika mkononi. Moshi uliniingia machoni. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira kulikuwa na hofu ambayo sikutaka kuitazama. Mwisho nikapata jiwe kwenye kalvati lililobomoka, nikalipakata, nikageuka. Niliona miguu ya mume wangu imetokeza chini ya gari. Mama alikuwa juu, amejifunika kanga kichwani. Na gari lilikuwa limeinama kuliko nilivyoliacha. Nikaanza kukimbia na jiwe langu.

Mama alikuwa amehisi gunia alilokalia linaondoka taratibu chini yake. Kama alivyozoea, aliniita mimi kwanza, nimwambie mwenzangu atoke. Sauti niliisikia, maneno yakachukuliwa na upepo. Nami ningesema nini kwa umbali ule? Nikamwona anageuka. Nikamwona anainama kwenye ukingo wa mzigo, uso wake umeelekea kule chini.

"Baba, toka chini ya gari!"

Miguu ile ikatoka. Haikuuliza kuna nini. Ningekuwa mimi niliyepiga kelele, angenijibu nisubiri amalizie nati moja, namjua. Sauti ile haikuwahi kumwita tangu anioe, na ilipomwita alitii kabla hajafikiri. Alikuwa bado yuko magotini, anajiburuta kurudi nyuma, ukingo wa ufa ulipobomoka. Jeki ikalala. Gari likakaa pale kilipokuwa kifua chake.

Magunia yakamwagika upande mmoja na mama akateremka nayo. Nilimkuta ameketi juu ya pamba, mzima, kanga ameibana mdomoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia. Nilimpapasa magoti, nikamwuliza anaumwa wapi, akatikisa kichwa. Hakulia kwa kuanguka, nilimwelewa. Alikuwa amemwita mkwe wake kwa kinywa chake mwenyewe, na akamtazama.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu, uso mweusi kwa vumbi la mbuga. Alipoona mama yuko chini pale, alitugeuzia mgongo kama inavyompasa. Jua lilikuwa linaingia kwenye moshi, na Kasoli hakuna aliyeitaja. Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu kule mtoni, makali, nimeyapanga vizuri. Nikafungua kinywa, na yeye akatangulia.

"Mwambie mama nimesikia," akasema.

Mama alikuwa karibu naye kuliko nilivyokuwa mimi. Nikainama, nikamwambia.