Mita Niliyoificha Kwenye Banda la Kuku

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mahindi yakiwa yameanikwa uani kwa baba yangu hapa Kitale, na mimi nimelala chali chini ya usukani wa pikapu, bisibisi mdomoni, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa mji huu.

Simu yako ya juzi kutoka Bungoma ndiyo iliyonikumbusha. Uliniambia mita ya spidi ya gari lako imekufa, kwamba umepata dashibodi nzima iliyotolewa kwenye gari kama hilo, na kwamba utaifunga mwenyewe nyumbani. Nilifurahi. Kisha ukaongeza ukicheka kwamba hiyo uliyopata inaonyesha kilomita chache sana. "Gari limekuwa kijana tena, baba," ukasema. Ukaita haloo mara mbili, ukidhani simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimerudi uani kwa babu yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ufundi nilikuwa nimefunzwa Bungoma na Mzee Simiyu, mtu mwembamba aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Kabla ya kufungua boneti ya gari lolote alivua kofia na kuomba, tena kwa kifupi: "Bwana, tuonyeshe kilichoharibika, na tusiharibu kingine." Vijana wa gereji tulikuwa tukimcheka. Leo mimi ni mzee wa kanisa, nimesikia maombi marefu na mazuri, na bado sijasikia la fundi linalolishinda hilo.

Nilipomaliza mafunzo nilirudi nyumbani na kupata pikapu kuukuu. Mshale wake wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri, na tarakimu za kilomita ziligoma zikiwa zimepita laki mbili na elfu arobaini. Wakati huo nilikuwa nimemposa mama yako, na kuuza pikapu hiyo ndiko kungenipeleka kwa wazazi wake nikiwa na uso wa mwanamume. Mnunuzi alikuwa amepatikana. Aliitwa Mama Chebet, mfugaji wa Endebess, aliyetaka gari la kuleta mitungi yake ya maziwa mjini kila asubuhi.

Basi nikatafuta mita nyingine kwa wauza vyuma, kutoka pikapu ya aina ile ile iliyogongwa. Nilichomoa waya wa betri kwanza. Skrubu nilizitia kwenye kikombe cha chai zisipotee. Nikapitisha mkono nyuma, nikabonyeza na kuachilia plagi moja baada ya nyingine bila kuvuta waya, nikafungua kebo ya spidi, nikaitoa mita ya zamani, nikaiweka ile nyingine. Niliporudisha betri na kuwasha, taa zote ndogo ziliwaka. Nikatoka hadi barabarani, na mshale ukapanda taratibu. Nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga bao. Furaha ile siikani, mwanangu. Kazi ya mikono ikikubali, mshukuru Mungu.

Niliporudi ndipo nilipotazama tarakimu. Elfu sitini na moja. Nikaichukua mita ya zamani, nikaenda nayo kwenye banda la kuku, nikaisukuma chini ya kiota. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia kwamba sijadanganya mtu, maana sijafungua mdomo.

Alasiri Mama Chebet alifika na fundi wake, aliyemwita kutoka Bungoma aje kuikagua. Akafungua lango mtu mwembamba, ovaroli imepigwa pasi.

"Kumbe ni gari ya kijana wangu!" alisema Mzee Simiyu, na furaha yake ilinichoma.

Mama Chebet alichungulia dirishani. "Elfu sitini tu? Si hii bado ni ndama! Mimi nilikuwa najua nakuja kuona ng'ombe mzee."

"Tumeitunza, mama," nikasema. Hapo mdomo nikawa nimeufungua.

Mzee aliingia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Alipitisha kidole kwenye pedali ya klachi, ambapo mpira ulikuwa umeisha hadi chuma. Akagusa usukani uliong'aa kwa viganja vya miaka. Mwisho akainama na kutazama skrubu za dashibodi, ambazo zilikuwa na alama mpya za bisibisi.

"Umefunga wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulianza na betri?"

"Ndiyo."

"Kazi safi. Wengine huvuta hizi waya kama wanakamua." Alitabasamu, na nikajua tabasamu hilo ni la kweli. Kisha akashusha sauti mama asisikie. "Sasa, huyu mama ataniuliza mkanda wa taiming ubadilishwe lini. Nimjibu kwa mita gani?"

Nilitupa jicho kwenye banda la kuku. Alishuka, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Naenda kunawa pale kwa mama yako," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mimi hunawa polepole."

Akaenda. Mwanangu, nimehubiriwa maisha yangu yote, na sijui mahubiri yaliyonifikia kama mgongo wa mzee yule akiniacha na yule mama uani. Tangu shule ya Jumapili nilikuwa nimesoma kwamba Mungu anachukia mizani ya hila. Nilidhani ni habari za wauza nafaka wa Moi's Bridge. Sikuwahi kufikiri kwamba mita ya gari nayo ni mizani.

Nilienda kwenye banda, nikarudi na mita ile. Kioo kilikuwa na kinyesi cha kuku na unyoya mmoja.

"Mama, hii ndiyo mita ya hili gari. Ile nyingine nimeifunga leo."

"Ati?" Aliichukua, akaipangusa kwa ncha ya leso, akasoma tarakimu moja moja. "Na umeniambia mmeitunza."

"Nimekosa, mama."

"Si ungeniambia tu, bana? Ng'ombe mzee pia hukamuliwa. Lakini huwa najua ni mzee, namlisha kama mzee." Akanirudishia mita. "Hapana. Leo sinunui kitu hapa."

Akaenda barabarani kusubiri gari la Endebess. Pikapu ikabaki. Safari ya ukweni ikaahirishwa, na baba yako nikaonekana mbele ya mama yako kama mtu asiye na mipango.

Mzee Simiyu alirudi mikono ikidondoka maji. Alikuwa amesikia yote kutoka pale penye maji. Alivua kofia, akaomba ombi lake, akafungua boneti na kutoa kifuniko cha mkanda wa taiming. Ulikuwa umepasuka mipasuko midogo, kama udongo wa shamba uliokosa mvua.

"Angeendesha na huu akihesabu kwa mita yako," alisema. "Ungekatika kwenye mlima, injini ikazima, maziwa nyuma, na lori linamfuata."

Niliketi chini kwenye mahindi. Hadi dakika ile nilidhani nilikuwa nimeficha tarakimu tu.

Nilimwuliza, "Mzee, ningenyamaza, ungemwambia?"

"Ningemwambia. Ananiamini yule. Lakini mimi ningetaja kilomita peke yake. Wewe umetaja na kosa."

Kisha tukafanya kazi. Alikata kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, akakunja kingo zisikate mtu, akaandika kwa ncha ya msumari kilomita za mita ya zamani, chini yake kilomita za mita mpya, na tarehe ya siku ile. Bati hilo tulilifunga kwa skrubu mbili ndani ya fremu ya mlango wa dereva. Alifanya hivyo kwa kila gari alilolibadilishia mita, nami nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi Bungoma. Nilijifunza kazi zote za mikono yake, bati hilo tu ndilo nililoliona halina maana.

Mwaka uliofuata Mama Chebet aliingia langoni na pikapu nyingine kabisa, aliyoinunua Tongaren. "Namtafuta yule wa kuku," alimwambia mama yangu. Alikuwa mteja wangu hadi alipozeeka, na hakuna siku aliyoacha kuniuliza mbele za watu kama spea niliyoshika nimeitoa kwenye banda. Niliupokea utani ule kama neema, maana mtu hakutanii kwa kosa ambalo hajakusamehe.

Kwa hiyo nisikilize. Funga mita yako mwenyewe. Mikono unayo, na nakuonea fahari. Chomoa betri kwanza. Piga picha plagi kwa simu kabla hujazigusa. Usivute waya. Ukimaliza, nenda sambamba na gari la mwenzako ambalo spidi yake ni ya kuaminika, ulinganishe mishale. Siku hizi kilomita hukaa kwenye kumbukumbu ya dashibodi yenyewe, na yupo fundi mwenye kompyuta anayeweza kuweka zile za gari lako halisi. Mwambie aweke hizo. Akikuuliza kama unataka apunguze kidogo, toka hapo. Na siku ya kuuza, mnunuzi asikie umri wa gari kutoka kinywani mwako kabla hajaangalia dashibodi.

Pikapu ile ilikwisha zamani, lakini bati nililing'oa kabla haijaenda kwa wauza vyuma. Nitakutumia wiki hii. Upande mmoja una mwandiko wa Mzee Simiyu. Upande wa nyuma ni mtupu. Tafuta msumari, andika kilomita zako.

Mungu aliyenivumilia uani siku ile akuvumilie na wewe. Akupe mkono mtulivu, akuonyeshe kilichoharibika, akuzuie usiharibu kingine, na akufikishe salama kila barabara unayopita. Amina.