Mpiga Video za Harusi Uwanjani

Kazi yangu ni kuwaona wachezaji ambao wenzangu wamewapita. Ninaishi Columbus, karibu na chuo kikuu, na kila wikendi naendesha gari kwenda kukaa kwenye mabenchi magumu ya sekondari za watu, nikitafuta wasichana wa kuchezea mpira wa kikapu chuo kimoja kidogo cha Buffalo. Wale wanaosifiwa na kila mtu siwagusi, wana wenyewe. Mimi nilicheza netiboli shuleni Tanga, mfupi, mwenye kelele, na hakuna aliyewahi kuniona. Kwa hiyo kazi hii naifanya kwa kinyongo.

Mwaka jana nilimpata binti mmoja Louisville. Wazazi wake wametoka Kivu, na mama yake anafunga maboksi ghalani. Binti alikuwa akifunga pointi tatu au nne kwa mechi, basi. Lakini akiwa uwanjani timu ilitulia, na akitolewa ilianza kuyumba. Kwa nini, nisingeweza kukueleza.

Kocha wa Buffalo alinisikiliza, akaguna. Nafasi ya ufadhili ilikuwa imebaki moja, na kwa theluji ile hakuwa na mpango wa kusafiri. Akasema nimpelekee video ya mechi nzima kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi angempa msichana mwingine, mrefu, wa pointi ishirini. Nilijua maana yake. Binti akiikosa nafasi hiyo, atamaliza shule na kwenda ghalani na mama yake. Fomu za kazi alikuwa ameshajaza.

Mechi ilikuwa Jumanne, na gari langu lilikuwa kwa fundi. Nikampigia mama yake.

"Usisumbuke, mama," akaniambia. "Kaka yangu iko anapiga video. Ndoa zote za hapa ni yeye tu."

Nikashukuru kama mjinga.

Video ilifika kesho yake. Ilianza na maua yanayodondoka kutoka juu ya skrini, huku kwaya ikiimba. Kisha mchungaji akasalimiwa, bibi akasalimiwa, na kilemba cha mama kikaonyeshwa mbele na nyuma. Mechi ilipoanza, binti alijaa skrini nzima, na hakuondoka. Watu walipiga kelele, mpira ulikatiza pembeni mara moja, ukatoweka. Nani kafunga? Hujui. Alipokwenda benchi kunywa maji, na kamera ilikwenda benchi, ikayaangalia maji.

Nilimpigia huyo mjomba nikampa vipande vyake. Nilimwambia ameharibu maisha ya mtoto, na kwamba hata mbuzi angejua kuelekeza kamera kwenye mpira. Alisubiri nipumue.

"Bon," akasema kwa upole. "Mimi niko napiga video za ndoa tangu kambi ya wakimbizi, mama. Unafuata bibi arusi. Akikaa, unakaa naye. Akisimama, unasimama. Wageni wanapita tu. Ile balo, ule mpira, donc, iko mugeni."

Nikamkatia simu. Nilijaribu kuyaondoa maua, yakagoma. Kwa kuwa sikuwa na kingine, nikaituma hivyo hivyo, na barua ya kuomba radhi ndefu kuliko barua zote nilizowahi kuandika.

Ijumaa kocha akapiga. Nilikuwa nimeshatunga uongo wa kutosha. Akauliza nani amepiga video ile, nami nikasema ni bwana mmoja mwenye matatizo ya macho.

"Miaka yote hii watu wananitumia video za mpira," akasema. "Hii ni ya kwanza ya mchezaji."

Akaanza kunieleza alichokiona. Binti akiwa hana mpira anawaonyesha wenzake kwa kidole pa kusimama. Anajiweka njiani, anagongwa, mwenzake anapita na kufunga. Mpira ukipotea yeye ndiye wa kwanza kurudi nyuma. Mechi nzima hakuzubaa hata kidogo, na hakuna takwimu inayoandika mambo hayo. Nafasi ni yake.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini, kisha nikaona aibu. Mimi mwenye jicho, ninayelipwa kwa ajili ya jicho, nilikaa mechi nne nikiufuata mpira kama watu wengine wote.

Nikawapigia Louisville. Mama alipiga vigelegele sikio likaziba, halafu akalia. Mjomba akapewa simu. Nikamwomba radhi, hasa kwa ile habari ya mbuzi. Akasema haina neno.

"Sasa kule Buffalo," akauliza, "nani atakuwa anamufuata?"

"Mimi," nikasema, kabla sijaifikiria barabara.

Na sasa barabara naijua. Natoka Columbus alfajiri kwa gari, naikanyaga theluji mpaka Lackawanna, mji wa jirani, naingia Buffalo miguu imekufa ganzi, nakaa safu ya mbele na simu mkononi. Binti haniangalii, anaona haya. Video naituma kwa mjomba, naye anaitia maua.

Jumamosi iliyopita mzee wa kiti cha pili aliinuka, akaniuliza timu gani inaongoza. Binti alikuwa benchi, anakunywa maji. Nikamjibu kwa ukali kwamba sijui, na tafadhali asinipite mbele.