Kamata, Soja

Nilikuwa soja, yaani mlinzi, wa zizi la farasi huko Muaither, ughaibuni, na silaha yangu ilikuwa filimbi. Asubuhi moja farasi mweupe aliacha majani akaruka kama aliyeumwa na nyuki. Daktari wa mifugo akamtoa pajani kirisasi cha bunduki ya upepo. Alikuwa farasi wa tatu kupigwa mwezi ule.

Kafili wetu, mwajiri aliyetudhamini na mwenye farasi, akawaka: bunduki hizi zidhibitiwe, kila mtu awe na kibali! Nikamuunga mkono kwa hasira. Nikaapa kwamba nikimpata mjinga huyo, nitamkamata kwa mikono yangu hii.

Mpishi wetu, Mganda mpenda ubishi, akacheka. “Upepo nao utaombewa kibali?” Tukabishana hadi chai ikapoa.

Ndipo njiwa wakatua juu ya gari jipya la kafili na kulichafua. Akakatiza hotuba, akafungua buti, akatoa bunduki ndefu ya upepo, akalenga. Paa! Njiwa wakaruka wote, wazima kabisa. Kule malishoni, farasi mweusi naye akaruka kama aliyeumwa na nyuki.

Mpishi akaniinamia sikioni.

“Haya, soja. Kamata.”